Jumamosi Hii

Kila Machi, mvua ikiwa haijamaliza maneno yake na Tukuyu,
namtumia kijana wa Mbeya mjini elfu thelathini na tano,
naye hunijibu neno moja: Imelipwa.
Basi tovuti ya Ngozi Jazz inaishi mwaka mwingine.

Mume wangu huuliza,
unalipia kodi nyumba isiyo na mpangaji?
Simjibu. Napepeta maharage.
Mimi ndiye niliyekuwa nakata tiketi mlangoni.

Ukiifungua, taratibu, mnara wetu nao una uzee wake,
kwanza linatokea tarumbeta, nusu,
kisha Tuntufye, kashika nusu ya pili.
Ambakisye anacheka upande wa kushoto,
hana habari na ule mteremko wa Igawilo.
Gitaa la besi siku hizi liko kanisani Kyimo, limeokoka.
Asajile anauza matairi Tunduma;
nikimtajia bendi, ananitajia bei.

Chini kabisa pameandikwa:
Jumamosi hii, ukumbi wa ushirika,
kiingilio elfu mbili, akina mama bure, karibuni wotte.
Kijana alitaka kupafuta.
Acha, nikamwambia. Hata hiyo te ya ziada, iache.

Na ile namba ya kukodi bendi
kampuni ilikwishaigawa: anayo mama mmoja wa Sumbawanga,
hajawahi kulisikia tarumbeta letu.
Zamani aliwafokea wapigaji.
Mwaka huu nikapiga, kujaribu tu.
Akauliza: Harusi, au msiba?
Nikakosa la kusema.
Niachie jina, akasema,
wakirudi nitawaambia.