Juhudi ya Kawaida

Uwanja wetu wa Masasi uko nyuma ya bweni la wavulana.
Vituo vitatu ni magunia ya korosho yaliyojazwa mchanga;
cha nne, cha nyumbani, ni kipande cha bati
na misumari ya inchi tatu.
Chokaa iliisha Jumanne. Mistari tumeichora kwa majivu,
na kuku wa mpishi wameshaifuta nusu.

Mimi nafundisha uwekaji hesabu.
Nilipewa besiboli kwa sababu nilichelewa kikaoni;
waliowahi walichukua netiboli.

Kitabu cha sheria kilikuja ndani ya boksi la glavu.
Nilikisoma usiku, kamusi gotini, tochi ya simu kinywani.
Sheria moja ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki:
wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha pili,
bado hawajatoka wawili,
mpira umepigwa juu, si mbali,
na mdakaji anaweza kuudaka kwa juhudi ya kawaida.
Basi mpigaji ametoka.
Audake, asiudake.
Ametoka.

Nikaifunga kwa ubeti, isinitoroke:

*Viwili vikishajaa,
mpira juu wapaa,
chini mtu amekaa,
mpigaji ametoka.*

Ubeti niliushika. Sababu sikuishika.

Jumamosi wakaja Newala, na lori, na wazazi wao.
Likanda akapiga. Mpira ukaenda juu,
juu kabisa, ukawa mdogo kama kokwa.
Hilari Nampunju akasimama chini yake, glavu wazi,
upepo wa Mkomaindo ukimpandishia vumbi machoni.
Kawaida ya nani, nikajiuliza.
Ya Hilari, aliyeanza kuvaa glavu mwezi wa tano?
Ya aliyeandika kitabu?
Mpira ukagonga kidole gumba, ukaanguka.
Nikanyoosha mkono: mpigaji ametoka!

Pakachemka.
“Umeanguka! Wote tumeuona umeanguka!”
“Mwalimu, amekupa ngapi?”
Likanda hakusema kitu. Aliweka gongo chini polepole,
kama mtu anayeweka mtoto aliyelala,
akanitazama.

Nilimjua yule mtazamo.
Ni wa mama, mwaka ule wa njaa,
alipokamatwa na debe moja la korosho za kangomba.
Korosho zake, za mikorosho yake,
alizoziokota mwenyewe mgongo umepinda.
Wakamwambia sheria inamlinda.
Alicheka, mama. Akauliza: inanilinda na nani, na mimi?

Usiku ule ndipo nilipoelewa, nikiwa naosha sufuria.
Mdakaji mjanja angeuangusha makusudi.
Wakimbiaji wamebaki vituoni, wakidhani utadakwa;
angeuokota, angewanasa wote wawili,
wamesimama njia panda na hawana pa kwenda.
Kwa hiyo sheria inamtoa mmoja mapema
ili mtego usiwe na nyama.
Ni akili. Ni akili kweli.
Na Likanda hakukosa lolote, bado ametoka.

Ningeishia hapo, ningelala vizuri.

Jumatatu Somoe Nalinga, kidato cha pili,
mwandika alama wetu, alikuja ofisini na daftari.
Hana maneno mengi. Akaniwekea kidole penye mstari:
*Mwamuzi anyooshe mkono mpira ukiwa bado hewani.*
Chini yake, kwa penseli, mwandiko wake wa kubana:
*Mkono wa mwalimu ulichelewa. Mpira ulikuwa chini.*

Nusu pumzi, Somoe. Labda pungufu.
Nilikuwa nasubiri kuona kama ataudaka.
Nilitaka audake,
nisilazimike kusema.

Hayo sikuyatamka.
Kengele ya kipindi cha tatu ililia, yeye hakuondoka.
Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia,
nikaweka vema pembeni ya sentensi yake,
kisha nikaomba namba ya simu
ya mwalimu wa michezo wa Newala.