Notisi kwa Mpangaji

Wiki ya arobaini na moja, siku ya tatu.
Mkataba wako ulikwisha Jumanne ya juzi
na bado umejilaza chumbani kwangu,
goti mbavuni, kisigino kwenye ini,
huoneshi dalili ya kufunga hata kifurushi.

Kodi sikukudai.
Ulipotaka udongo saa nane za usiku
baba yako aliizunguka Majengo yote kuutafuta.
Uliponikataza samaki, mimi mtoto wa Mvita,
nilikula sima kwa bamia nikanyamaza.
Lakini kuhama nako ni adabu, mwanangu.

Nimeanza na ngazi.
Jengo letu hapa Tudor lina vidato sitini na viwili;
napanda, nashuka, asubuhi na baada ya alasiri,
mkono ukutani, pumzi mdomoni,
na watoto wa Mama Umazi wananihesabia kwa sauti
kama naruka kamba.
Siku ya pili wakachoka wao.

Bi Mwanakheri, mamake baba yako, akaleta tende,
sita alfajiri, sita magharibi,
akanikumbusha Bi Mariamu na shina la mtende.
Nami nikashika mlango wa friji, nikautikisa;
likaanguka limau moja.
Akacheka mpaka akauziba mdomo kwa leso.

Kisha nanasi pamoja na moyo wake mgumu,
ulimi ukaniwasha kutwa.
Kisha supu ya pweza kwa pilipili mbuzi:
jasho likanitoka mimi,
wewe ukapata kwikwi.

Kisha kombe. Zafarani kwenye sahani nyeupe,
aya zikaoshwa kwa marashi, nikapewa nizinywe.
Kwa hilo sikufanya mzaha.
Nilikunywa nimefumba macho.

Mbarika alileta jirani, chupa nzima.
Sista Mbeyu wa kliniki akaitazama, akanitazama:
"Mafuta haya yatakuhamisha wewe, si yeye.
Jumatatu uje, tutakuwekea dripu."
Akataja na jambo jingine, uso ameuelekeza dirishani.

Basi Mselem akarudi kutoka bandarini,
kutwa kanyanyua makontena kwa kreni,
akanijia kama fundi aliyeitwa kuzibua bomba
asijue bomba liko wapi.
Tulicheka mpaka kitanda kikalia.
Tukaishia kukunana migongo.

Jana Bi Mwanakheri akaifungua nyumba nzima.
Madroo, makabati, kufuli la sanduku la mkangazi,
vifuniko vya sufuria, vifungo vya mashati,
nywele zangu akazifumua msuko mmoja mmoja.
"Kilichofungwa hufunga," akasema.
Mfereji haukuhitaji mkono wake:
uko wazi tangu Ijumaa, dumu chini yake,
hautoi hata tone.

Usiku nikaja kukaa jikoni peke yangu,
milango imeachama pande zote kama iliyopigwa bumbuazi.
Nikakwambia kweli.
Kwamba ngazi zile nilizipanda haraka,
nikazishuka polepole.
Kwamba uchungu siuogopi sana;
naogopa mwangwi,
nyumba ikishahamwa huwa na mwangwi.
Nani atanipiga teke nikisahau kula?
Basi, nikasema, kaa.
Kaa mpaka uchoke. Notisi naichana.

Saa tisa na dakika kadhaa, mfereji ukakohoa.
Hewa kwanza. Kisha kutu. Kisha
"Maji! Maji yamekuja!"
orofa ya kwanza mpaka ya nne,
madumu yanagongana ngazini,
Mama Umazi anawapigia wanawe kelele waamke,
Mselem huyo karuka na ndoo mbili, shuka kiunoni.

Nami nimesimama katikati ya jikoni,
miguu imelowa hadi vifundoni,
nautazama mfereji,
najitazama.

Bi Mwanakheri akainama, akachovya kidole sakafuni,
akanusa. Akanusa tena.
"Haya hayana klorini," akasema.
"Mselem, weka ndoo chini."