Kikulacho Ki Paani

Tungeanza Mei, lakini juu ya ghala
korongo walikuwa wamekwisha kutaga.
Bi Wacława akasimama mbele ya ngazi na fimbo yake:
ndege hasumbuliwi akiwa na wana.
Basi tukarudisha lori mjini,
na sumu ikakaa pale miezi mitatu zaidi,
kimya, kama ilivyokaa miaka hamsini na miwili,
mvua ikiilamba.

Agosti wakaondoka. Kiotani manyoya mawili, mfupa wa chura.
Wameelekea kusini, alisema, akinyoosha mkono
juu ya mashamba ya viazi
kama mtu anayekuonyesha kituo cha basi.

Tuko wanne. Mavazi meupe ya karatasi,
utepe umezungushwa vifundoni,
barakoa za kutuachia alama hadi usiku.
Mtoto wa jirani akauliza kama tunakwenda mwezini.
Ziemowit, mgeni kazini, akacheka,
miwani yake ikaingia ukungu.

Kwanza maji. Usiguse kitu kabla ya maji.
Usipige nyundo. Usivunje. Usitupe chini.
Fungua skrubu mojamoja, kama unayemvua mgonjwa shati,
shusha bamba kwa mikono miwili, lilaze,
funga nailoni, kisha nailoni tena,
kisha lebo.
Namrudia Ziemowit maneno haya hadi naichukia sauti yangu.
Kwa sababu nyuzi zenyewe huzioni.
Usufi ni kamba ya meli mbele yake.
Haziungui, haziozi, hazinuki,
na kwa hayo hayo zilisifiwa sokoni.
Zikifika pafuni hazina haraka:
zitangoja uoe, uzae, ustaafu,
ndipo zibishe hodi.

Wieńczysław alikata kwa msumeno, anasema bibi
nyuma ya utepe wetu wa njano.
Vumbi kama unga siku ya kuoka mkate.
Nilimkung'uta kwa ufagio kabla hajakaa mezani.
Koti nilifua mimi, kwa mikono, kila Jumamosi.
Alikohoa majira saba ya baridi.
Daktari akasema sigara.
Hakuvuta.

Vipande vilivyobaki tulitandaza njiani, matope yasituingilie.
Vingine watoto walichorea ukutani.

Akanyamaza. Akaitazama njia,
kutoka mlangoni hadi bandani kwa kuku.
Nikafungua daftari, nikaandika: njia pia.

Bamba la mwisho, upande wa ndani,
lina mwaka uliokwaruzwa kwa msumari, 1971,
na herufi mbili, W na W.
Niachieni hilo.
Haiwezekani, bibi.
Hata kipande cha kiganja?
Hata cha ukucha.
Tukalifunga kama mengine, ila tulilibeba polepole
hadi kwenye utepe, tukaliinamisha,
akasoma kupitia nailoni,
midomo ikienda kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Kwenye fomu kuna mstari: mwenye taka.
Akaazima kalamu yangu. Hakuandika jina lake.
Aliandika la mumewe, lote, na mikia yake yote,
nami sikusahihisha.

Watu hutuuliza, mnaiharibuje?
Hatuiharibu.
Shimoni mabamba hayatupwi, hupangwa,
yakafunikwa udongo siku hiyo hiyo,
na mahali pake pakatiwa alama ramani,
ili atakayezaliwa kesho asije akachimba msingi pale.
Mavazi yetu nayo yakazikwa humo.
Mimi nikaoga mara mbili, nikala supu ya kabichi, nikalala.

Aprili alinipigia simu.
Tulikuwa tumesimamisha nguzo yenye gurudumu kuukuu juu yake.
Wamekuja, alisema. Wamezunguka mara tatu, wanatafuta paa.
Wametua?
Bado. Wako shambani, wananitazama.

Na njia?
Njia iko vile vile. Fedha za halmashauri ziliishia paani.
Nimemwambia aimwagie maji siku za jua,
na asiifagie,
asiifagie kabisa.