Maharage Tisa

Mama alihesabu kwa maharage.
Kalenda ya msikiti ilikuwepo, nyuma ya mlango,
ina picha ya Kaaba na namba ya simu ya duka la sementi,
lakini yeye alikuwa na kopo lake la kakao
juu ya kabati, ubavuni mwa vidonge vya presha.
Harage moja, siku moja anayodaiwa.

Ramadhani ilimkuta Makandana, wodi ya wanawake,
dripu mkononi,
anakunywa uji huku ameugeukia ukuta
kama mtu anayeiba.
Siku tisa.
Aliporudi nyumbani alifunga kifuniko, akasema:
"Shaabani itafika. Huo ndio mwezi wetu wenye madeni."

Rajabu ana cheo chake. Ramadhani, usiseme.
Shaabani amekaa katikati yao
kama mtoto wa kati kwenye picha ya harusi,
bega moja tu linaonekana.

Mfungo Mosi ukapita, na biriani yake.
Mfungo Nne, baridi ikababua migomba.
Mfungo Saba, viazi vikashuka bei hadi aibu.
Mfungo Tisa, mvua ya kwanza,
tukamlaza kwenye udongo mweusi wa Tukuyu,
ule ambao ukichomeka fimbo inachipua.

Maalim Mwasandube akauliza kaburini:
"Yupo anayemdai marehemu?"
Akajitokeza muuza sukari, elfu tatu na mia mbili.
Akajitokeza mwenye mbolea, akaona haya, akasamehe nusu.
Kopo halikusema kitu.

Zubeda, mke wangu, alikwisha kuyatia majini
kuongezea kande.
Niliyajua kwa idadi.
Nikayaokoa moja moja, yameanza kuvimba,
nikayaanika kwenye sahani.

"Aliyekufa na saumu shingoni," akasema Maalim,
"ndugu yake amfungie.
Wengine wanasema kibaba cha chakula kwa maskini, kila siku kibaba.
Chagua unaloliweza."
Nikachagua njaa. Kibaba ningekitoa asubuhi,
jioni nimesahau.

Lakini mimi ni mtu wa kesho.
Nilianza Shaabani ishirini na moja,
hesabu imebana kama kiatu cha kuazima,
na siku ya tano Fuso la ndizi likazama tope mteremko wa Kiwira,
tukalisukuma mpaka saa tisa,
nikanywa maji ya mfereji, magoti chini,
nikamwomba radhi mama, si kwa sauti.

Tarehe ishirini na tisa mtaa wote ulikuwa unavunja jungu.
Harufu ya kuku ilipanda hadi kwa Wamoravian.
Tukapanda kilimani kuutazama mwezi,
watu saba na darubini moja ya mtoto.
Mwezi! Hapa kwetu,
ambapo mbuzi wako mwenyewe humwoni hatua kumi.
Ukungu ulikuja, ukatukalia.
Redioni wakasubiri, wakapiga simu huku na kule,
kisha: haukuonekana. Shaabani itimie thelathini.

Vijana wakashangilia jungu la pili.
Mimi nilikaa kwenye jiwe lililolowa.
Ile siku iliyozama Kiwira
nimerudishiwa na wingu.

"Kesho ni siku ya shaka, haifungwi," nikamwambia Maalim, naogopa.
Akapangusa miwani.
"Mwenye deni hana shaka. Anajua anachodaiwa."

Siku hiyo ilinyesha toka alfajiri.
Mama Ambokile wa jirani, asiyejua mifungo yetu,
akaleta mbalaga ya moto saa sita, nikaifunika kwa kanga ya mama.
Magharibi niliikuta imepoa, nikaila hivyo hivyo.

Usiku ule Ramadhani akaingia, mgeni wa kila nyumba,
watu wakampokea kwa taa.
Mimi nilikuwa bado uani
namsindikiza Shaabani.

Zubeda akauliza kama kopo liko wazi sasa,
anataka kuwekea chumvi.
Nikamwambia, kesho.