Rasimu ya Tano

"Familia ya Mzee Lushinge wa Mabatini inayo furaha…"
Hapo hapana tabu. Mstari huo vidole vinaujua,
nimeupiga chapa kwa wakwe wa kila dini
waliowahi kupanda ngazi za duka hili.
Tabu inaanza kwenye saa.

Nikiandika saa nane
shangazi zangu wa Magu watafika saa kumi na moja,
yote ya mwanzo yamewapita.
Na kaka anasema ya mwanzo ndiyo harusi yenyewe.
Kadi ina upana wa kiganja. Nielezee wapi?

"Maharusi watakuwa wamefunga."
Mama akauliza: wamefunga nini, mlango?
Nikaongeza "saumu". Baba mdogo akasema,
kumbe mtoto wetu kasilimu.
Nikafuta. Sasa inasomeka:
"Hawatakula wala kunywa mpaka wafike chini ya kitambaa cha nguzo nne.
Tafadhali, usimlazimishe mtu soda."
(Neno chandarua nimelikwepa.
Wageni wangefikiri malaria.)

"Bwana harusi atamtazama bibi harusi usoni,
kisha atamfunika shela kwa mkono wake."
Kwa nini, atauliza Shangazi Nkwimba.
Kwa sababu ya Lea, shangazi. Ile miaka saba ya Yakobo,
na ile asubuhi.
Hili halitaki maelezo. Labani wanamjua,
wamewahi kununua ng'ombe kwake.

"Mashahidi wawili, wasio ndugu, wataweka sahihi."
Baba akaruka: wasio ndugu?
Na mimi niliyepeleka ng'ombe kumi na wawili mpaka Mbale?
Nikamsomea alichotuma Sipora. Humo hamna ng'ombe, baba.
Humo mume anaandika anachodaiwa na mke:
chakula, nguo, kitanda,
na fungu lake siku akiachwa.
Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Mama alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa.
"Mimi yangu," akasema, "iliandikwa wapi?"

Ungo ukaendelea kucheza.

Imebaki sahani.
Rasimu mbili zimefia hapa.
"Mama wa pande mbili watavunja sahani pamoja."
Kwetu chombo kikivunjika siku ya harusi
watu huangaliana.
Nikatafuta maneno ya kutuliza, nikajaza nusu ukurasa.
Mama akaleta ile ya bati yenye ua jekundu,
akasema tujaribu, akaigonga kwenye jiwe la mlangoni,
jiwe lililokuwapo kabla ya nyumba.
Ikalia. Ikabonyea. Ikalia tena.
Akacheka mpaka akakaa chini.

Jana amerudi kutoka Makoroboi na kitu ndani ya gazeti.
Kaurisafi. Nyeupe. Kwa pesa yake ya dagaa.
Kakiweka chini ya kitanda, hataki kiguswe.

Kwa hiyo rasimu ya tano haielezi mengi:
"Jumapili. Fikeni saa sita kamili.
Kuna mambo yatatangulia ndoa, mtayaona,
na mama wa bwana harusi amenunua sahani."
Chini yake nimeacha nukta nukta
za jina la mgeni.