Kutoka Kichuguu hadi Nyumbani

Mimi ndiye mwandika alama. Sichezi;
goti langu la kushoto liliishia zamani
kwenye ngazi za ghorofa ya tano.
Nina daftari la hesabu, la miraba,
na penseli niliyoichonga kwa wembe.
Jumamosi nane. Nane zote tumefungwa.

Uwanja uko nyuma ya shule, Makadara.
Julai, manyunyu, udongo mweusi unaovua watu viatu.
Glavu ni tisa tu kwa timu mbili:
zamu yako ikiisha unaiacha majanini,
na mpinzani anaivaa ingali na joto la mkono wako.
Mpira umeshonwa mara mbili na fundi viatu wa Barabara ya Jogoo,
aliyeuliza kwanza kama ni kitu cha kuliwa.

Nahodha ni Gitonga. Fomu inasema hivyo.
Gitonga ana sauti, ana filimbi, ana msamiati mpana wa hasira.
Lakini urushaji ukiharibika,
Kilonzi akiwapa watu wanne njia ya bure, mfululizo,
na Odero kule besi ya pili akianza kutaja mama za watu,
macho yetu hayamtafuti Gitonga.
Yanamtafuta Ambasa, mdakaji,
aliyechuchumaa pale nyumbani na kinyago cha nyaya
alichochomelewa na mjomba wake Gikomba.

Ambasa huinuka. Hana haraka.
Hupangusa magoti kana kwamba anaitwa sebuleni kusalimia wageni,
huvua kinyago, hutembea hadi kichuguu cha mrushaji.
Husema neno, mawili. Niko mbali, sisikii.
Namwona Kilonzi akitazama chini, kisha akicheka kidogo, puani,
kisha mabega yakirudi mahali pake.
Msimu mzima niliamini ni siri ya mchezo,
ujuzi fulani wa vidole na pembe ya kiwiko.
Nilipomuuliza Kilonzi, tukimenya mayai kwa muuza smoki,
alisema: "Huniuliza kama nimekula."

"Nawe humjibuje?"

"Ukweli."

Jumamosi ya tisa Ambasa alichelewa.
Kiwanda cha mabati kilikuwa kimefunga lango Ijumaa;
hakutuambia, na sote tulijua.
Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampiga kifuani.
Wa tatu, mwepesi, wa kudakwa na mtoto,
ukamponyoka, ukaviringika hadi mtaroni,
naye hakuufuata. Akabaki amechuchumaa,
kinyago kikitazama matope.

Gitonga akatia filimbi mdomoni. Akaitoa.
Kongoti aliyesimama pembeni kama mdai wa kodi,
hata yeye hakutikisa bawa.

Ndipo kichuguu kikamjia.
Kilonzi, ambaye hajawahi kumwendea mtu,
alipangusa magoti yaliyokuwa safi, akashuka,
kama hatua ishirini na tano za kunata,
akamvua Ambasa kinyago
jinsi unavyomfungulia mtoto vifungo vya sare.
Safari hii nilikuwa karibu. Nilisikia swali.
Jibu sikulisikia; lilikuwa la kichwa begani, na lilikuwa refu.
Odero akaja na nusu andazi kwenye gazeti.
Mpigaji wa timu ile akaweka gongo chini,
akageuka kuitazama mulika-mwizi, iliyozimwa, mchana kweupe,
kwa adabu, kama mtu anayengoja mwenye nyumba avae.

Tulifungwa kumi na moja kwa tatu.
Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.
Zile tatu zote zilikuja baada ya andazi,
lakini daftari halina safu ya andazi,
basi nikachora nusu duara ukingoni,
nje ya miraba.
Mwamuzi, akitia sahihi, akauliza hiki ni nini.
Nikamwambia penseli iliteleza.