Hukumu ya Kiyoyozi

Umeniletea flashi, si santuri,
umeiviringisha kwenye karatasi kama tende,
ukasema: Shangazi, usinionee huruma.
Sikukuonea.

Miaka ishirini na miwili nilikaa nyuma ya kioo, redioni,
nikiwakata mawaziri vikohozi,
nikiwafuta washairi mate ya midomoni.
Sikio langu halina adabu.

Nimewasikiliza mara nne.
Mara moja jikoni, nikaacha, mchuzi uliungua.
Mara tatu garini, Mabela hadi Ruwi.
Bendi: Kiyoyozi. Albamu: Nyuzi Arobaini na Saba.
Nyimbo kumi na moja, dakika thelathini kasoro mbili;
nilipofika Burji Sahwa
mlikuwa mmeshavunjika moyo mara tano.

Nianze na ngoma. Mundhir anakimbia.
Kila kiitikio anakifikia peke yake,
kama mgeni wa harusi aliyechanganya
saa mbili ya Kiswahili na saa mbili ya simu.
Besi ya Jobin ndiyo iliyowashika mkono mkavuka barabara.
Gitaa, kodi tatu, zilezile. Hilo si kosa.
Hata mkate ni vitu vitatu,
ila mkate huachwa uumuke.

Wimbo wa pili unasema utauchoma mji.
Mji gani, Zahran? Sigara yenyewe
unaivutia nyuma ya kituo cha mafuta
kisha unatafuna karafuu.
Wa tatu unasema umeondoka nyumbani, hurudi.
Ijumaa mama yako alikunyooshea kanzu,
nikakuona kwa macho yangu
ukiuliza kama biriani imebaki.
Hasira ya kuazima hujulikana,
hubana mabegani kama koti la harusi la kaka.

Nikasema basi, watoto hawa wana kila kitu
ila jambo la kulilia.

Kisha wa saba.

Mlirekodi Julai, kwenye majlisi ya kina Mundhir,
magodoro yameegemezwa ukutani,
kiyoyozi kimezimwa kisivume. Hamkuniambia.
Nimesikia jasho, vidole vinateleza kwenye nyuzi.
Na dakika ya kwanza, sekunde ya arobaini,
mtu mmoja hakustahimili:
tk.
Kikaanza kuvuma chini ya sauti yako
na hakuna aliyesimama.

Hapo ndipo ulipoimba Kiswahili,
kile ulichookota mapajani pa bibi yako
nusu macho, nusu usingizi.
*Nyumba wangu*, unasema, *sijamwona.*

Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe.
Yangu, mwanangu. Sijaiona.
Nyumba haina roho, haimo katika ngeli ya watu,
hata mtoto wa chekechea wa Pemba atakucheka.
Nikarudisha nyuma.
Nyumba wangu sijamwona.
Nikarudisha tena, taa ya Wadi Kabir imegeuka kijani,
honi zinanitukana kwa lugha nne,
nami namwona:
nyumba ya mama, kule Wete,
niliyotoka humo nikiwa mgongoni kwa mtu,
amechuchumaa, mabati yamemshuka usoni,
ufunguo bado umo mlangoni,
anauliza wale watoto walikwenda wapi
na huko nani anawapikia.

Hukumu, basi.
Wa pili na wa tatu, tupeni.
Wa tisa ni wa pili aliyevaa miwani, naye aende.
Mundhir anunuliwe saa.
Wa kumi na moja mrefu; mlango ukishafungwa
haufungwi tena.
Alama: sita juu ya kumi. Sita na nusu,
nusu ni ya ile tk.
Msiisafishe.
Enzi zangu ningekata vyote viwili, mvumo na kosa,
kwa sekunde tatu, bila kuinua kichwa,
na jioni nikalala vizuri.

Mama yako kanipigia: je, wanaimba?
Nikamjibu, wanapiga kelele.
Akasema hilo analijua.

Flashi sirudishi.